Bunge na Bunduki Siku Moja: Shambulio la Soloheadbeg

Sisi wakazi wa Tabora tumezoea kusimulia uhuru kama habari ya mikutano na hoja. Mnamo Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa mjini wakabishana vikali kuhusu uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimu kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie hivyo hivyo, na Zuberi Mtemvu, ambaye hakuridhika, akajitenga na kuanzisha chama chake. Huenda ni kwa malezi hayo kwamba kila nisomapo historia ya Ireland hukwama kwenye tarehe moja, 21 Januari 1919.

Siku hiyo wabunge wa Sinn Féin, chama kilichokuwa kimenyakua viti 73 kati ya 105 vya Ireland katika uchaguzi wa Desemba 1918, walikutana Dublin, wakaunda Bunge lao wenyewe na kutangaza uhuru kutoka kwa Uingereza, iliyokuwa ikiitawala nchi yao. Siku hiyo hiyo, huko Soloheadbeg katika jimbo la Tipperary, vijana wachache wakiongozwa na Séamus Robinson, Seán Treacy na Dan Breen walikuwa wamejificha kando ya barabara, kama walivyofanya kwa siku kadhaa, wakiungoja mkokoteni wa farasi uliokuwa ukipeleka baruti kwenye machimbo ya mawe. Mkokoteni ulipofika ulikuwa na vibarua wawili na walinzi wawili tu, makonstebo James McDonnell na Patrick O'Connell. Wote wawili waliuawa kwa risasi, nao washambuliaji wakaondoka na bunduki za marehemu pamoja na baruti.

Hakuna aliyewatuma. Bunge halikuwa limeamuru wala kuarifiwa, na Breen mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba yeye na Treacy walikusudia kuua, kwa kuwa waliamini vita haiwezi kuanza pasipo mtu kufa. Maelezo hayo yananitatiza kuliko shambulio lenyewe, kwani baruti ingeweza kuibwa kwa njia nyingine.

Zaidi ya hayo, marehemu hao hawakuwa Waingereza. Walikuwa Waayalandi, Wakatoliki kama waliowaua, na McDonnell alikuwa mjane mwenye watoto. Mtu wa Unyanyembe hahitaji kuelezwa jinsi mkoloni anavyotawala kwa mikono ya wenyeji, maana hata jeshi la Wajerumani lililoivunja boma ya Mtemi Isike mnamo Januari 1893 lilijaa askari weusi. Ndiyo maana sithubutu kuwaita makonstebo hao vibaraka na kuishia hapo, ingawa najua pia kwamba dola ya Uingereza isingeweza kukaa Ireland siku moja bila watu wa aina yao.

Mapadre wa eneo lile walilaani mauaji hayo, na serikali ikaahidi donge nono kwa atakayewafichua wahusika. Hata hivyo mashambulizi yalienea, polisi wengi wakajiuzulu, na mwaka 1920 Uingereza ikajaza nafasi zao kwa wanajeshi wa zamani walioitwa Black and Tans, ambao ukatili wao uliwasukuma raia wengi upande wa wapiganaji. Treacy aliuawa Dublin Oktoba mwaka huo. Bunge lilikubali hadharani kubeba dhamana ya vita hiyo mwaka 1921 tu, na Breen, ambaye hakuwa ameliomba ruhusa, alikuja kuketi humo kama mbunge kwa miaka mingi.