Tulivyopeleka mzigo wa misaada Katesh

Lile tope liliposhuka kutoka mlima Hanang, Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, sisi huku Arusha tulianza kuona video kwenye simu, magogo na mawe yamejaa mpaka mlangoni kwa maduka ya Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, na kesho yake watu wakaanza kuleta vitu uwanja wa kanisa la mtaani kwetu bila hata kutangaziwa, Waislamu kwa Wakristo, mama ntilie, bodaboda, kila mtu na alichonacho.

Kufungasha ndo kazi yenyewe aisee. Nguo tulichambua moja moja, zilizochanika tukaweka pembeni kwasababu mtu aliyepoteza nyumba hastahili kupewa matambara. Za watoto kiroba chake, za wamama kiroba chake, unaandika kwa nje na maka peni ili anayepokea asimwage chini kutafuta. Sembe na mchele tulipima upya kilo tano tano, kila furushi na maharage yake, mafuta, chumvi, sabuni na kiberiti, maana ukimpa mtu gunia zima atalihifadhi wapi na yeye mwenyewe amehifadhiwa darasani? Dada mmoja wa duka la dawa akaleta maboksi ya pedi. Yule dada Mungu ambariki sana, kwenye misaada hicho kitu husahaulika mno.

Fuso ikatoka alfajiri. Makuyuni tukaiacha njia ya Karatu, tukapita Minjingu, Magugu, mvua muda wote, Babati tukanywa chai tukaendelea. Ndani ya gari ubishi ulikuwa kwamba ni volkano imelipuka, lakini wataalamu wa serikali walishaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikameguka. Na ule mlima una zaidi ya mita 3,400, ukiuangalia toka chini unaelewa kwanini watu hawakupata hata nafasi ya kukimbia. Zaidi ya 80 walifariki, jamani.

Katesh tope lilikuwa bado mitaani, wanajeshi wanachimba, greda zinasukuma. Mzigo tukakabidhi kwa kamati ya maafa, ukahesabiwa ukaandikwa kwenye daftari, hilo nililipenda.

Halafu bibi mmoja aliyetokea kijiji cha Gendabi akaniuliza, "Mjukuu wangu, unga nimepewa, nitausongea kwenye nini?" Nikaangalia lile darasa, nguo zimerundikana mpaka dirishani, sufuria hakuna, mwiko hakuna, ndoo za kuhesabu. Nikapiga simu Arusha palepale nikawaambia nguo basi, zimetosha, leteni sufuria na vifuniko vyake, sahani, ndoo, mablanketi kwasababu usiku huku ni baridi kweli, na mabuti ya mvua ya wanaochimba. Jioni wakanirudishia kwamba mafundi wa sufuria wa sokoni wameshaanza kuchangia.