Kumbukumbu ya mradi: robo saa ya Dar iliyokwamisha paketi yangu ya Debian

Hatimaye paketi imejengeka. sbuild, inayojenga paketi ndani ya mfumo safi uliotengwa (chroot), imefika mwisho, lintian inayokagua paketi haina neno, na faili ya .deb ya kusakinisha kwenye Debian (mfumo wa Linux) ninayo. Kwa mliojiunga karibuni: ni ile maktaba ndogo ya Python (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) ya rafiki yangu wa Dar es Salaam, inayochukua tarehe na saa za kompyuta na kuziandika tunavyozisema. Ukiipa 08:00 inakujibu saa mbili kamili asubuhi. 16:30 inakuwa saa kumi na nusu jioni. Nataka iingie Debian ili mtu akiwa Nairobi, Lamu au Tabora aandike apt install basi, asihangaike na pip wala venv, zana za Python za kusakinisha.

Mambo ya faili za maelezo ya paketi (debian/control, copyright na watch) mnayajua, na zana za ujenzi, dh ikishirikiana na pybuild, zinafanya karibu kazi yote. Leo ni habari za jaribio moja tu, kati ya yale yanayokagua kama maktaba inajibu sawa.

Jaribio lenyewe linachukua tarehe 10 Machi 1955, 09:00 UTC (saa ya kimataifa), linaihamishia ukanda wa saa wa Africa/Dar_es_Salaam na kutarajia saa sita kamili mchana. Kwa mwenye maktaba linapita. Kwangu, ndani ya sbuild, likatoa hili:

AssertionError: 'saa sita kasorobo asubuhi' != 'saa sita kamili mchana'

Robo saa! Ingekuwa tofauti ya saa tatu ningejua UTC imepenya mahali. Ingekuwa saa sita ningejua hesabu ya Kiswahili haikufanyika. Lakini robo saa inatoka wapi, tena ileile kila ninapojenga?

Nikashuku kila kitu. Niliweka TZ=Africa/Nairobi ndani ya debian/rules, faili ya maagizo ya ujenzi, hakuna kilichobadilika. Nilijaribu toleo jingine la Python, jibu likawa lilelile. Nikapitia mstari kwa mstari kile kipande kinachogeuza dakika 45 kuwa kasorobo, kiko sawa kabisa. Na majaribio ya tarehe za karibuni yote yalikuwa yanapita, hili la 1955 tu ndilo lililogoma. Tukaandikiana na mwenzangu, mwenye maktaba, mpaka usiku wa manane. “Kaka, kwangu linapita vizuri, angalia mashine yako.” “Bro, hii ni chroot safi, haina chochote cha kwangu.” Hakuna kinachochosha kama jaribio linalopita kwa mwenzako na kukataa kwako, maana kila mmoja ana ushahidi mkononi.

Aliyefungua fundo ni zdump, amri inayoonyesha historia ya saa za mahali. Imo ndani ya libc-bin, kwa hiyo tayari unayo. Niliandika zdump -v Africa/Dar_es_Salaam, na katikati ya matokeo kukawa na mstari huu:

Sat Dec 31 21:14:59 1960 UT = Sat Dec 31 23:59:59 1960 +0245 isdst=0 gmtoff=9900

gmtoff ni tofauti na saa ya Greenwich: sekunde 9900 ni saa mbili na dakika 45. Kumbe Tanganyika kuanzia 1948 hadi mwisho wa 1960 ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 45, si saa tatu. Tatu kamili ikaingia pamoja na mwaka 1961. Kampala nayo ilitumia 2:45 kuanzia 1948, ikaiacha 1957. Sisi wa Nairobi tulishaimaliza mapema: tulikuwa nayo kuanzia 1937 hadi mwisho wa Julai 1942, tukahamia tatu kamili na ndiko tuliko hadi leo.

Sasa mbona kwa mwenzangu haionekani? Hifadhidata ya tz, ya saa za dunia, inayotunzwa chini ya shirika la IANA, ina kanuni kwamba miji ambayo saa zake zimefanana tangu 1970 huunganishwa. Kwa mipangilio ya kawaida, basi, Dar es Salaam, Kampala, Mogadishu na Addis Ababa zote ni viungo vinavyoelekeza Africa/Nairobi. Historia yao ya nyuma imewekwa kwenye faili ya pembeni iitwayo backzone. Debian hujenga tzdata, paketi ya hifadhidata hiyo, pamoja na backzone. Mfumo anaoutumia mwenzangu hauiweki. Alipouliza saa ya Dar ya 1955 alipewa ya Nairobi. Mimi nilipewa ya Dar.

Nilifurahi sana kuona hivyo, na nasema wazi kwamba Debian wamefanya vyema. Mtu akija na daftari la bandari au kitabu cha safari za treni cha miaka ile, akataka kuoanisha saa zake na za London, jibu la Nairobi litampotosha kwa robo saa na hakuna kitakachomwonya.

Kuzima jaribio nilikataa. Kubadilisha jibu linalotarajiwa pia kungelivunja kwa mwenzangu. Kiraka (badiliko dogo la msimbo) nilichoandika kinatenganisha mambo mawili: jaribio la maandishi sasa linapewa timezone(timedelta(hours=3)) moja kwa moja, halichungulii tzdata hata kidogo, na jaribio la Africa/Dar_es_Salaam linatumia tarehe ya 2024, ambako mifumo yote inakubaliana. Mwenzangu amekipokea, kwa hiyo toleo lake lijalo likitoka nitakiondoa kwenye debian/patches, folda ya viraka.

Kwa viraka, tumieni gbp pq. Nimekaa na quilt, zana nyingine ya viraka, muda mrefu na bado kusahau quilt add kabla ya kugusa faili ni jambo la sekunde moja. Kwa gbp pq kila kiraka ni komiti ya kawaida ya git. sbuild nayo kwa njia ya unshare haihitaji haki za root, sioni sababu ya kurudi pbuilder, zana nyingine ya ujenzi. Na kama unanunua bando kama mimi, weka apt-cacher-ng, inayohifadhi paketi zilizokwishapakuliwa, kabla ya kitu kingine chochote, la sivyo kila ujenzi unapakua paketi zilezile upya.

Kilichofuata kwenye orodha kilikuwa autopkgtest, majaribio ya paketi ikishasakinishwa. Nimekiweka kando, kwa sababu lile kosa limenionyesha jambo jingine: saa sita kasorobo asubuhi. Maktaba inafuata mipaka ya CLDR, hifadhidata ya kimataifa ya desturi za lugha, ambayo kwa Kiswahili inaweka alfajiri kuanzia 04:00, asubuhi 07:00, mchana 12:00, jioni 16:00 na usiku 19:00. Kwa hiyo 11:45 inaangukia asubuhi. Mimi sijawahi kumsikia mtu Nairobi akiniambia tukutane saa sita kasorobo asubuhi. Saa ikishatajwa sita, ni mchana. Vilevile 06:30 inatoka saa kumi na mbili na nusu alfajiri, na hapo kumeshakucha na matatu zimejaa.

Nimeanza tawi jipya la git ambalo mipaka hiyo mtumiaji anaipanga mwenyewe, na chaguo-msingi likibaki la CLDR. Kabla sijaenda mbali nahitaji masikio ya watu: mlioko Mombasa, Unguja, Bukoba, Lubumbashi, niambieni 11:45 na 06:30 mnazitajaje kwenu, na jioni yenu inaishia saa ngapi.