Hadithi za Watoto Katika Rafu Zangu

Rafu za sebuleni kwangu, mtaani Buruburu, Nairobi, zimejaa vitabu vya hadithi za watoto, na kila mgeni anayeviona kwa mara ya kwanza huuliza ni vya mtoto yupi. Ni vyangu. Huvinunua kwa ajili yangu mwenyewe, huvisoma jioni nikitoka kazini, na vingine nimevirudia hata najua ni ukurasa gani wenye mchoro na ni ukurasa gani uliong'olewa na msomaji aliyenitangulia. Watu wengi wa rika langu waliviacha vitabu hivi pamoja na sare za shule ya msingi, wakaingia katika riwaya za watu wazima au wakaacha kusoma kabisa. Mimi nimesoma riwaya za watu wazima na ninaendelea kuzisoma, lakini raha ninayoipata katika hadithi iliyoandikiwa mtoto wa miaka kumi sijaipata kwingine, na ningependa kueleza kwa nini.

Kwanza, mwandishi wa watoto hana nafasi ya kuzunguka. Msomaji wake hamwogopi wala hamheshimu kwa sababu ya jina lake, na akichoka katika ukurasa wa pili anakifunga kitabu na kwenda kucheza mpira. Kwa hiyo mwandishi hulazimika kutuonyesha mara moja nani ana njaa, nani ameonewa, nani amefanya siri na nani anakaribia kuigundua. Mambo haya ndiyo yanayomgusa binadamu yeyote, na katika hadithi ya watoto huwekwa wazi mbele ya msomaji bila kufunikwa na maelezo marefu ya mandhari na falsafa. Nikisoma aya tatu nzuri za aina hiyo, ninahisi kama mtu aliyekunywa maji baada ya kutembea kwenye jua.

Pili, hadithi nzuri ya watoto haiogopi ukweli mchungu. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni hadithi ya Sultani Darai, iliyo katika mkusanyiko ambao Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, aliuchapisha London mwaka 1870 baada ya kuzisikiliza hadithi hizo kwa Waswahili wenyewe na kuziandika kama zilivyosimuliwa. Nakala niliyo nayo ni fotokopi niliyoifanyia jalada gumu kwa fundi, na imekaa rafu ya juu kabisa. Ndani yake yumo maskini anayeitwa Haamdani, anayeishi kwa kuchakura jaani apate punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula, ananunua paa. Paa yule anasema kama mtu. Anapata almasi, anaipeleka kwa Sultani Darai kama zawadi kutoka kwa bwana wake, anamposea Haamdani binti wa sultani, kisha anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la fahari lililokuwa la nyoka yule. Hapo ndipo hadithi nyingine zingekoma, watu wakala wakanywa. Hii haikomi. Paa anaugua, anatuma neno kwa bwana wake, na yule aliyekuwa akichakura jaa anaamuru apikiwe uji wa mtama mwekundu. Mkewe analia na kumsihi, lakini hasikii. Paa anakufa kwa uchungu na mzoga wake unatupwa kisimani, na hatimaye Haamdani anazinduka na kujikuta jaani, anachakura kama zamani.

Sijui riwaya yoyote ya watu wazima iliyonieleza utovu wa shukrani kwa ukali wa namna hiyo katika kurasa chache hivyo. Ninachokipenda zaidi ni kwamba msimulizi hamhubirii mtu. Uji ule wa mtama mwekundu unatosha, kwa sababu tunakumbuka kwamba mtama ndio uliokuwa chakula chake jaani, na kwamba anampa mwenzake kile ambacho yeye mwenyewe alikikimbia. Watoto waliosimuliwa hadithi hii usiku, baada ya paukwa na pakawa, waliachiwa waielewe wenyewe, na ninaamini waliielewa.

Vitabu vilivyoanzisha mkusanyo wangu, hata hivyo, ni vya kuchekesha. Ni vya Moses, mvulana wa bweni mwenye vituko visivyoisha, vilivyoandikwa kwa Kiingereza na Barbara Kimenye na kuchapishwa na Oxford University Press kuanzia miaka ya 1960. Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaishi na kufanya kazi Uganda na baadaye hapa Nairobi, na aliwajua vyema wanafunzi wa Afrika Mashariki waliokuwa wakitumwa mbali na nyumbani kwenda kula chakula kibaya na kulala katika mabweni yenye baridi. Shule ya Mukibi anayoieleza ni ya hovyo, na wavulana wake hawafunzwi adabu kwa urahisi. Ninavithamini vitabu hivi kwa sababu vilitokea wakati ambapo mtoto wa Kenya aliyetaka hadithi ya vituko vya shule alipewa vitabu kuhusu shule za Uingereza, zenye theluji na vyakula ambavyo hajawahi kuvionja. Moses alikuwa wetu, na makosa yake yalikuwa yetu.

Karibu na Moses nimeweka vitabu vya Njamba Nene vya Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ aliviandika kwa Kikuyu, cha kwanza kikatoka mwaka 1982, na Wangũi wa Goro akavitafsiri kwa Kiingereza. Inanigusa sana kwamba mwandishi aliyekuwa ameamua kurudi katika lugha ya mama yake hakuona kuwa ni kujishusha kuwaandikia watoto katika lugha hiyo. Alielewa kwamba lugha isiyo na vitabu vya watoto haitakuwa na wasomaji wazima. Alipofariki Mei 2025, watu wengi walizitaja riwaya zake kubwa, na walifanya vyema, lakini mimi jioni ile nilikitoa rafuni kile kitabu chembamba cha basi linaloruka angani.

Kwa Kiswahili, rafu yangu ina pengo na pia ina hazina. Hazina mojawapo ni tafsiri. Alice wa Lewis Carroll alianza kusema Kiswahili mwaka 1940, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akaitoa hadithi hiyo kwa tafsiri mpya. Hazina nyingine ni kazi za marehemu Ken Walibora. Wengi wanamkumbuka kwa riwaya tuliyoisoma sekondari, ila mimi namkumbuka zaidi kwa Ndoto ya Amerika, aliyowaandikia wasomaji wadogo. Kiswahili chake humo ni safi, sentensi zake ni fupi bila kuwa za kitoto, na anamwamini mtoto kuwa anaweza kukutana na neno jipya asitishike. Pengo ni vitabu vya Kiswahili vya watoto vilivyochapishwa hapa Kenya kabla ya mwaka 1985, ambavyo ni adimu mno.

Nimefikiri sana kuhusu sababu ya uadimu huo. Kitabu cha mtoto husomwa mpaka kinakwisha. Hupita mkono kwa mkono darasani, huchanwa, humwagikiwa chai, na kwa kuwa kimechapwa kwa karatasi nyembamba na kushonwa kwa pini mbili katikati, hakiwezi kuvumilia. Kinachonusurika mikononi mwa watoto huuawa na mtaala. Shule zetu hununua vitabu vya hadithi kama vitabu vya ziada, na huvichagua katika orodha ya vilivyoidhinishwa, ambayo siku hizi hutolewa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza mwaka 1985, vitabu vya mfumo uliotangulia viliondolewa madarasani. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi yake ulipoanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, mambo yakawa yale yale. Baada ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, niliviona vitabu vya darasa la saba na la nane vimetandazwa barabarani kwa mafungu, na miongoni mwake hadithi nzuri kabisa ambazo hazikuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba zilikuwa na muhuri wa mfumo uliokwisha. Wauzaji walikuwa wakiziuza kwa bei ya karatasi ya kufungia nyama.

Huko barabarani ndiko ninakovipata vingi. Jumamosi asubuhi huanzia barabara ya Tom Mboya, nikazunguka hadi Moi Avenue, nikiinama kwenye kila gunia lililotandazwa vitabu. Mwezi wa Januari ndio wenye neema, kwa kuwa wazazi huja na vitabu vya mwaka uliopita kuvibadilisha kwa vya mwaka mpya, na vile vya hadithi wasivyovihitaji huachwa hapo hapo. Muuzaji mmoja ananifahamu sasa, na akiniona kwa mbali huanza kuchomoa vyembamba chini ya kamusi na vitabu vya hesabu. “Dada, hiki hakina jalada, nipe hamsini tu,” huniambia, nami humpa hamsini bila kubishana, kwa sababu najua ameutumia wakati wake kunitafutia. Vipya huvinunua katika maonyesho ya vitabu yanayofanyika Sarit Centre mwezi Septemba, ambapo wachapishaji hupunguza bei kidogo. Madukani ni ghali, na tangu sheria ya kodi ya mwaka 2013 ilipoanza kuvitoza vitabu asilimia 16, kitabu kipya cha hadithi kimekuwa anasa kwa nyumba nyingi. Hilo linaniuma kila ninapomwona mzazi dukani akikirudisha kitabu rafuni baada ya kutazama bei.

Vitabu hivi vya barabarani vina jambo moja ambalo kitabu kipya hakinipi, nalo ni alama za waliovisoma. Katika kurasa za mwanzo huwa pana majina kadhaa, kila moja limekatwa na mwenye kitabu aliyefuata. Wengine wameandika onyo kwa mwizi. Lakini ninayoyasoma kwa makini zaidi ni maandishi ya penseli pembeni, pale ambapo mtoto alikwama kwenye neno akaandika maana yake kwa Kiswahili, kwa Kikamba au kwa Dholuo. Katika nakala yangu moja, maelezo hayo yanajaa kurasa za kwanza, yanapungua taratibu, kisha yanatoweka kabisa kuanzia sura ya nne. Labda mtoto yule alichoka kuandika. Mimi ninapenda kuamini kwamba hadithi ilimbeba, akaacha kuyajali maneno asiyoyajua. Siwezi kuachana na kitabu kile, ingawa ningeweza kupata nakala iliyo safi.

Utunzaji una kazi yake. Kila kitabu kinachoingia hukipangusa vumbi, nikakianika kivulini siku nzima, kisha nikakijalidi kwa nailoni angavu ili mchoro wa jalada uonekane. Rafu nilizitengenezewa na seremala wa jua kali, na nilimwomba aziinue kutoka sakafuni kwa sababu ya mchwa. Baridi ya Julai huleta unyevu, kwa hiyo miezi hiyo hufungua madirisha adhuhuri jua likitokeza. Nimevipanga kwa urefu wa hadithi badala ya majina ya waandishi, ili jioni nikiwa nimechoka nijue pa kunyoosha mkono.

Simnyimi mtu kitabu. Wapwa zangu huazima, watoto wa jirani huazima, na vingine havirudi. Kwa wasio na jirani mwenye rafu, nafurahi kuona maktaba za jiji zikifufuliwa. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Tangu mwaka 2017, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Angela Wachuka na Wanjirũ Koinange, limekuwa likishughulikia ufufuaji wake pamoja na wa matawi ya Kaloleni na Makadara. Shirika hilo hilo lilichapisha kwa Kiswahili na kwa Dholuo hadithi ya Sulwe ya Lupita Nyong'o, na nakala yangu ya Kiswahili huazimwa kuliko kitabu kingine chochote nilicho nacho.

Kwa sasa ninatafuta vitabu viwili vya Moses ambavyo sijavipata, katika chapa ya zamani yenye michoro, na kitabu chochote cha hadithi za Kiswahili kilichosomwa katika shule za msingi za Kenya miaka ya 1970, hata kama hakina jalada. Kama unacho ndani ya sanduku kwa wazazi wako, au umekiona kwenye gunia fulani mjini, niambie ni barabara gani, nami Jumamosi nitakuwa hapo mapema.