Sanduku la bati la baba na wazee wa Kagera

Baba alipofariki tulifungua sanduku lake la bati. Tulikuta nishani imefungwa kwenye kitambaa cha kijani, picha ya vijana wamesimama mbele ya lori, na makaratasi yaliyoliwa na mchwa. Barua yake ya kustaafu ilikuwa imebaki robo. Ile namba ya jeshi inayoanza na MT ilisomeka tarakimu tatu tu.

Tulihangaika zaidi ya mwaka kufuatilia mafao yake, na kilichotukwamisha ni jina. Jeshini aliandikishwa kwa majina mawili, la kwake na la babu. Kitambulisho cha taifa kikatoka na matatu, tena la ukoo limeongezwa herufi. Ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili, ya pili ikaturudisha ya kwanza. Mama kila safari alivaa kanga mpya, kama anayepeleka posa, akirudi anaikunja bila kusema neno.

Tulivuka hivi: kikao cha ukoo na muhtasari wenye saini za wote, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha kifo, kisha Mahakama ya Mwanzo, ambako kaka aliteuliwa msimamizi wa mirathi. Jina tulilinyoosha kwa hati ya kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Ndoa ndiyo ilikuwa ngumu. Wazazi wetu walifungishwa na sheikh mwaka 1983, watu wakala pilau wakatawanyika, na hakuna aliyeandika kitu, ingawa Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa isajiliwe. Katika mashahidi tulimpata mmoja yu hai, huko Pangani. Sikio moja halisikii, lakini siku ile aliikumbuka mpaka kofia aliyovaa baba.

Baada ya hapo majirani wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, wakaanza kuniletea bahasha zao. Waliopigana vita vya Kagera ni wazee sasa. Aliyekuwa na miaka 20 Mwalimu Nyerere alipotangaza vita Novemba 1978 anaukaribia mwaka wa 70. Na si wote walikuwa askari wa kudumu. Mgambo wengi walitolewa vijijini na makazini, wakapigana mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, wakarudi kwenye majembe yao. Wapo wenye pensheni, na wapo wasio na hata karatasi moja ya kuonyesha walikuwako.

Kosa langu la kwanza nililifanya Makorora. Nilimwendea mzee mmoja na mfuko wa unga, sukari na mafuta. Alinikaribisha kwa adabu zote, tukanywa kahawa, na nilipofika njia panda mjukuu wake akanikimbilia na mfuko uleule. "Babu anasema, mwambie mwanawe Afande, mimi bado nasimama kwa miguu yangu." Niliona haya, kwa sababu baba yangu angesema vilevile.

Aliyenifungulia mlango ni mkewe. Tulikutana msibani, akanivuta pembeni. "Mwanangu, unga tunao. Usingizi ndio hatuna." Mzee halali kitandani. Hulala kwenye kiti, mgongo ukutani, uso mlangoni. Usiku mmoja wa Mwaka Mpya fataki zilipolia mtaani alimvuta mkewe chini ya meza, akamlalia juu kumkinga, akambana hapo mpaka kukawa kimya. Yule mama ana kovu dogo juu ya jicho, la mguu wa meza. Mtaani wanasema mzee anampiga, naye hajawahi kuwasahihisha, maana angewasahihisha ingebidi aeleze.

Nilipotaja kliniki ya afya ya akili, mzee alijibu neno moja: "Sijachizi." Nikaacha. Nikamtafuta rafiki wa baba, koplo mstaafu wa Duga. Sikumpa la kusema. Akawa anakuja na bajaji kila Jumapili baada ya alasiri, wanakaa barazani wanacheza bao. Wiki tatu nilisikia kete tu. Ya nne, koplo akasema huku macho yake yako kwenye mashimo ya bao, kwamba yeye anameza dawa za kliniki hiyo mwaka wa sita sasa, na anayemkumbusha ni mkewe. Mzee akabaki na mkono hewani, kete kiganjani. Kisha akauliza, "Kliniki yenyewe iko siku gani?"

Tangu hapo siendi kwa mzee kabla ya kukaa na mke. Na kila familia naiomba, mzee akiwa hai, iweke bahasha mbili, moja kwa mtoto anayekaa mbali: nakala ya barua ya kustaafu, namba ya jeshi, kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Jina likipishana, kiapo kiandikwe sasa, mwenyewe aweke saini. Kwa mgambo wasio na karatasi sina ahadi ya fedha, na nawaambia hivyo mapema. Ninachoweza ni kuwafuatilia kitambulisho cha wazee cha matibabu bila malipo, na kuwaita nao tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunapokaa pamoja. Mmoja wao hufika amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama.

Mwisho wa mwaka uliopita tuliwapeleka mzee na mkewe kwa shemeji yao, shambani Pongwe, tangu tarehe 30, wakae mbali na fataki. Saa kumi na mbili asubuhi ya Januari mosi simu yangu ikalia. Yule mama alikuwa ananong'ona.

"Mwanangu, usiongee kwa nguvu. Amelala kitandani."