Seva ya wavuti iliyoandikwa na akili mnemba: pa kukagua

Ukiiomba akili mnemba ikuandikie seva kwa Python, kwa moduli ya socket (ya mawasiliano ya mtandao) tu, utapewa mistari michache na itawaka mara ya kwanza. Hapo ndipo pa kuwa macho.

Anza na Content-Length, mstari wa jibu la seva unaokiambia kivinjari urefu wa ukurasa. Mara nyingi utakuta len(maandishi), yaani idadi ya herufi, ilhali HTTP, itifaki ya kivinjari na seva, inataka baiti. Kiswahili hulificha kosa hili, maana herufi zetu ni baiti moja moja, mpaka ukurasa uwe na “ng’ombe” yenye alama iliyopinda: herufi 7 pamoja na alama, baiti 9. Ukurasa ukiwa neno hilo tu, kivinjari kitaonyesha “ng’om” na kuishia hapo. Pitisha encode("utf-8") kwanza, ili herufi ziwe baiti, ndipo uhesabu.

Kisha jaribu kuiba faili lililo nje ya folda ya seva yako, kwa curl, programu ya kuomba kurasa kwa amri (kila ../ hupanda folda moja juu):

curl --path-as-is http://127.0.0.1:8000/../../../../etc/passwd

(Bila swichi hiyo curl huziondoa nukta yenyewe, ukadhani uko salama.) Ikiwa faili limetoka, tumia resolve() ya pathlib, moduli ya Python ya njia za faili, halafu is_relative_to() ithibitishe kwamba njia bado imo ndani ya folda yako.

Ukiizima seva na kuiwasha ikalalamika “Address already in use” (anwani tayari inatumika), weka SO_REUSEADDR, chaguo la kuruhusu anwani itumike tena, kabla ya bind() inayoishika anwani, si baada. Na ukiona 0.0.0.0 (anwani zote za kompyuta), andika 127.0.0.1 (kompyuta yako tu), la sivyo yeyote kwenye Wi-Fi hiyo hiyo anaweza kuifikia.