Nilivyoifundisha programu kukata maneno ya Kiswahili

Kazi yangu ni kupanga kurasa katika kiwanda kidogo cha chapa hapa Kadutu, Bukavu. Mwaka juzi tuliletewa kijitabu cha ushauri kwa wakulima wa kahawa wa Idjwi na Kalehe: ukubwa wa A5, safu mbili kila ukurasa, maandishi yakiwa yamesawazishwa kushoto na kulia. Nilipomaliza nilichapa prufu, nikampa mzee mmoja wa ushirika aisome kwa sauti. Kwenye ukurasa wa pili alisoma, "Wakulima wasichana…", akanyamaza, akarudi nyuma, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hapa mnawasema wasichana gani?" Mstari ulikuwa umeishia kwa "wasichan-", na uliofuata ukaanza kwa "ganye kahawa mbivu na mbichi".

Programu niliyokuwa nayo haikuwa na Kiswahili katika orodha ya lugha zake, na kwa kuwa kompyuta zetu zote zimewekwa Kifaransa, ilikata maneno yetu kwa kanuni za Kifaransa, ambazo hutenganisha n na g kama katika neno "manger". Nilipokagua vizuri nikakuta pia "vion-gozi", "sham-ba" na "mwanan-chi". Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na mtoto wa darasa la kwanza husoma sha-mba.

Kwanza nilizima ukataji wote, na hali ikawa mbaya zaidi. Safu ya milimita 59 hubeba herufi 30 hivi, ilhali kitenzi kimoja kama "msipozikausha" kina herufi 13. Kisipotosha hushuka mstari wa chini, na maneno mawili matatu yaliyobaki juu hutandazwa hadi ukingoni. Nafasi hizo nyeupe zikipangana, mstari juu ya mstari, hutokea kile ambacho fundi aliyenifundisha alikiita nyufa, kwa kufuata wachapaji wa Kifaransa. Na mtu wa Bukavu aliyeona kuta za nyumba za mlimani baada ya mvua kubwa hahitaji maelezo zaidi.

Ndipo nilipojifunza jinsi programu zinavyokata. Njia inayotumiwa na TeX na LibreOffice inatokana na tasnifu ya Franklin Liang ya Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 1983: ruwaza fupi za herufi zilizochanganywa na tarakimu, ambapo tarakimu witiri huruhusu kukata na shufwa hukataza. Faili la Kiingereza lililotokana na kazi hiyo lina ruwaza 4,447. Kiswahili, nilipokaa na karatasi, kilianza na tano tu: a1, e1, i1, o1, u1, yaani kata baada ya irabu. Kwa ruwaza hizo tano "ng", "mb" na "nch" hazivunjiki kamwe. Niliongeza nyingine, kama a2a na i2o, ili irabu mbili zinazofuatana zisitenganishwe katika "taarifa" au "viongozi". Kilichonichukua muda ni maneno ya asili ya Kiarabu yenye silabi zinazoishia kwa konsonanti: maktaba, labda, daftari. Hayo yalidai a2k1t, a2b1d, a2f1t, na mengine niliyoyaokota moja moja kitabuni. Faili nililiweka mahali pa lugha ambayo sitaitumia kamwe, na programu ikalikubali.

Upande wa nafasi kati ya maneno, niliruhusu zipungue hadi asilimia 85 na kutanuka hadi 125, na nikazuia mistari zaidi ya miwili mfululizo kuishia kwa kistari. Hata hivyo, lililosaidia kuliko yote ni kuwashawishi wenye kijitabu waache safu mbili, kwa sababu mstari wa herufi 60 na ushei una maneno ya kutosha kugawana nafasi. Vitenzi virefu nilivikata kwa mkono pale maana inapogawanyika: "wasi-changanye" husomeka vizuri kuliko "wasicha-nganye", ingawa kisilabi yote mawili ni sahihi.

Prufu ya pili mzee aliisoma mpaka mwisho bila kurudi nyuma. Faili nimempa mwenzangu wa Goma anayepanga vitabu vya shule, naye amenirudishia maneno mawili niliyoyasahau: askofu na hospitali.