Puli ndogo imerudi kwenye boksi

Wiki tatu zilizopita nilifunga puli ndogo kwenye supachaja ya gari langu, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Ya zamani ina kipenyo cha milimita 80, hii mpya 70. Supachaja inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki, kwa hiyo kwa puli hiyo inazunguka kasi zaidi kwa asilimia 14 hivi. Geji ya msukumo wa hewa ikapanda kutoka PSI 6 hadi 9.

Raha yake ni ya kweli. Supachaja haikungojeshi kama tabo, ambayo huzungushwa na moshi wa ekzosi: ukigusa tu mafuta, nguvu iko pale pale, hata injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Siku ya kwanza gia ya tatu ilinibana mgongo kwenye kiti, nikarudia barabara ile ile mara nne.

Kisha nikafungua rekodi za kompyuta ya gari. Kwa puli ya zamani, hewa inayoingia kwenye silinda ilikuwa nyuzi 82. Sasa ilifika 104, na kila nilipokanyaga tena ilizidi. Hewa ukiikandamiza inapata moto, na yenye moto hutanuka, kwa hiyo inayoenea kwenye silinda ni kidogo. Nilipopiga hesabu, kati ya ile asilimia 14 nimebaki na kama nusu tu. Nyingine imeliwa na joto. Na hapo sijahesabu nguvu ambayo supachaja yenyewe inanyonya kutoka kwenye krenki. Gari langu halina intakula, kile kipozeo cha hewa kabla haijaingia kwenye injini. Hilo ndilo kosa langu: nilianza na puli.

Kilichonitisha zaidi ni kugonga. Injini yangu ilitengenezwa bila supachaja, mgandamizo wake ni 10 kwa 1, pistoni ni zile zile za kiwandani. Hewa ya moto na mgandamizo mkubwa vikikutana, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na unasikia sauti kama kokoto ndani ya kopo. Mimi sikusikia kitu, redio ilikuwa juu. Kompyuta ndiyo ilisikia, ikarudisha taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, nyuma nyuzi 5 za mzunguko wa krenki kujiokoa.

Nikaenda kwa fundi, tukatoa plagi. Akaishika ya silinda ya tatu chini ya taa, akanipa kioo cha kukuzia. Kwenye ile kauri nyeupe kulikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa, kama vumbi la fedha.

"Kaka, hiyo ni alumini," akasema. "Pistoni imeanza kuliwa."

Nilikaa kimya kidogo. Injini hii nimeitunza mwenyewe miaka sita.

Nozeli zinazopuliza mafuta nazo zilikuwa zinafunguka asilimia 92 ya muda; fundi hapendi zipite 85, kwa sababu zikiishiwa uwezo mchanganyiko unakosa mafuta, na hapo pistoni inatoboka kwa sekunde chache.

Siku ile ile tulirudisha puli ya 80. Tulipima mgandamizo, silinda zote nne bado zinakaribiana. Puli ndogo nimeifunga kwenye kitambaa, iko chini ya boksi la spana. Sijaiacha, PSI 9 bado naitaka. Ila intakula itatangulia, halafu nozeli kubwa na plagi za baridi zaidi, zinazotoa joto haraka, halafu taimingi ipangwe upya.

Jana nimepima nafasi mbele ya redieta. Sentimita 7, inatosha.